Mlima wa Wengi na Milima ya Wachache: Historia ya Uchaguzi kati ya Kilimanjaro na Ruwenzori kwa Mpandaji wa Dar es Salaam

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna Mlima Kilimanjaro ulivyokuja kuwa mlima unaopandwa na watu wengi na namna milima ya Ruwenzori ilivyobaki ya watu wachache, kwa kuzingatia mkazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam anayetaka kuchagua mmojawapo. Hoja kuu ni kwamba umaarufu wa Kilimanjaro na upweke wa Ruwenzori havitokani na maumbile pekee. Vyote viwili vilitengenezwa na historia: reli, vibanda, mipaka, vita na alama za taifa. Makala inaonesha kwamba historia hiyo imebaki ndani ya njia zenyewe, katika umbali kati ya kituo na kituo na katika tarehe ambazo watu huchagua kupanda. Kwa hiyo anayefuata njia ya wengi kwa kudhani kwamba wingi wa watu ni dhamana ya usalama, hurithi ratiba ambayo haikupangwa kwa ajili ya mapafu ya mtu wa pwani.

1.0 Utangulizi

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, mambo mawili yalifanyika katika nchi moja kwa wakati mmoja. Katika Uwanja wa Taifa, Temeke, bendera ya Uingereza ilishushwa na ya Tanganyika ikapandishwa. Usiku huohuo, mamia ya kilomita kaskazini, Luteni Alexander Nyirenda alisimika mwenge na bendera juu ya Kibo. Umati uliokuwa Temeke haukuweza kuuona mwenge huo, lakini tangu siku ile wakazi wa jiji wamefundishwa kuuhesabu mlima ule kuwa wao. Mtoto wa Mbagala au wa Tandale huujua Kilimanjaro kabla hajavuka Ruvu.

Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Eneo ambalo wakazi wake huliita Mlimani, palipojengwa Chuo Kikuu, ni kilima kisichofika hata mita 200. Kwa mtu aliyekulia Kinondoni au Temeke, safari ya kwenda mita 5,895 za Kilimanjaro au mita 5,109 za kilele cha Margherita katika Ruwenzori ni badiliko kubwa la mwili kabla ya kuwa burudani. Juu ya Kibo kanieneo ya hewa ni takribani nusu ya ile ya ufukweni. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni idadi ya Watanzania wanaojiandikisha kupanda imekuwa ikihimizwa kwa kampeni kama Twenzetu Kileleni, inayohusishwa na sikukuu ya Uhuru, na kwa safari za hisani kama ile ya Kili Challenge iliyoanza mwaka 2002 kwa ajili ya mapambano dhidi ya UKIMWI. Anayefikiria kupanda husikia jina moja tu. Ni wachache wanaojua kwamba ndani ya Afrika Mashariki kuna safari nyingine ya miinuko mikubwa, yenye theluji na barafu, ambayo karibu hakuna mtu wa mtaani kwao aliyewahi kuifanya.

Swali linaloongoza makala hii ni hili: je, tofauti hiyo ilitoka wapi, na ina maana gani kwa anayechagua leo? Ili kulijibu, makala inalinganisha historia za milima hiyo tangu katikati ya karne ya 19 hadi sasa, kwa kutumia maandishi ya wapelelezi na watafiti, historia ya miundombinu na hifadhi, pamoja na jiografia ya njia zenyewe. Njia za Marangu na ya mzunguko wa kati wa Ruwenzori zimechukuliwa kama mifano kwa sababu kila moja ndiyo kongwe zaidi katika mlima wake.

2.0 Milima kabla ya njia

Ni kosa kudhani kwamba Kilimanjaro ulikuwa maarufu siku zote. Mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipotoka Rabai karibu na Mombasa kuelekea Uchagani, kiongozi wa msafara wake alikuwa Mswahili aitwaye Bwana Kheri, aliyeijua njia ya bara kwa sababu ya biashara. Tarehe 11 Mei mwaka huo Rebmann aliuona weupe wa kilele. Mwenzake wa safari hakuwa na neno la theluji. Alichojua ni kwamba kule juu ni baridi. Taarifa ya Rebmann ilipofika Ulaya, baadhi ya wanajiografia, hasa Desborough Cooley wa London, waliikataa kwa miaka mingi wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Kwa watu wa pwani mlima ulikuwa alama ya njia na mahali pa kuogopwa. Kwa Wachaga, waliolima migomba kwenye miteremko yake na kuingia msituni kutafuta asali na mbao, kilele hakikuwa na kazi ya kila siku.

Ruwenzori, kwa upande wake, ilikuwa na umaarufu wa kale kuliko Kilimanjaro, japo wa vitabuni. Ptolemaio aliandika habari za Milima ya Mwezi inayolisha vyanzo vya Nili, na wengi baadaye waliilinganisha na Ruwenzori. Kwa Wakonzo wanaoishi chini yake, theluji ilikuwa na jina, Nzururu, na ilihusishwa na makao ya Kitasamba, mwenye nguvu juu ya mvua na rutuba. Wageni waliopita karibu, akiwemo Henry Morton Stanley kabla ya mwaka 1888, waliikosa kwa sababu mawingu huifunika kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mwaka 1888 ndipo msafara wa Stanley ulipotambua kwamba weupe ule ni theluji, na mwaka uliofuata mwenzake William Stairs akapanda hadi zaidi ya mita 3,000 kabla ya kurudi.

Kwa hiyo mwanzoni mwa ukoloni milima hii ilikuwa na hali zinazokaribiana. Yote ilikuwa mbali, yote ilikuwa na wenyeji waliojua miteremko yake, na hakuna uliokuwa na njia ya kileleni. Kilichowatenganisha kilikuja baadaye.

3.0 Jinsi Kilimanjaro ulivyofanywa mlima wa wengi

3.1 Reli na vibanda

Hans Meyer alijaribu mara mbili kabla ya kufaulu. Jaribio la mwaka 1888 lilivunjika katika vita vya pwani, pale yeye na Oscar Baumann walipotekwa na watu wa Abushiri na kuachiwa kwa fidia. Tarehe 6 Oktoba 1889, Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha juu kabisa na kukipa jina la Kaisari wa Ujerumani. Jambo moja katika safari hiyo ni la msingi kwa hoja ya makala hii. Wapandaji hao hawakwenda haraka. Waliweka kambi za juu, wakaletewa chakula na wapagazi kutoka Marangu kwa Mangi Marealle, na wakakaa zaidi ya wiki mbili katika miinuko mikubwa. Mpandaji wa kwanza aliyefaulu alikuwa mpandaji wa polepole.

Kilichofuata ni kufupishwa kwa safari hiyo. Reli ya Usambara iliyotoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza wakaiunganisha na reli yao kupitia Voi na Kahe. Mlima ambao Meyer aliufikia kwa misafara ya miguu ukawa karibu na stesheni. Kabla ya vita hiyo, Wajerumani walikuwa wamejenga vibanda viwili kwenye njia ya Marangu, wakaviita kwa majina ya Bismarck na Peters. Leo vinajulikana kama Mandara na Horombo, majina ya mamangi wa Kichaga. Mabadiliko hayo ya majina ni ya maana, lakini mahali vilipo hapakubadilika sana. Kila kimoja kiko umbali wa siku moja ya mwendo kutoka kingine, na cha tatu, Kibo, kikafuata utaratibu huohuo wa siku moja zaidi.

Katika kipindi cha Waingereza, mlima uliingia katika maisha ya watumishi wa serikali waliokuwa Dar es Salaam. Mfano mzuri ni Clement Gillman, mhandisi wa reli na mwanajiografia aliyefika ukingo wa kreta ya Kibo mwaka 1921. Pale alipofika, takribani mita 5,685, bado huitwa Gillman's Point, na hadi leo mpandaji anayeishia hapo hupewa cheti, ingawa si sawa na cha Uhuru. Jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1936, lilichapisha maandishi mengi kuhusu mlima, na mwaka 1965 likatoa toleo zima juu ya Kilimanjaro. Umaarufu, basi, ulikuwa pia kazi ya karatasi: ramani, ripoti, majarida na majina.

3.2 Mwenge na taifa

Mwaka 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria jijini Dar es Salaam, Julius Nyerere alitumia picha ya mwanga uliowashwa juu ya Kilimanjaro na kuangaza hadi ng'ambo ya mipaka. Mwaka 1961 picha hiyo ikatekelezwa kwa miguu, na kilele cha Kaisari kikawa Kilele cha Uhuru. Kutoka hapo, kupanda Kilimanjaro kulipata maana ambayo hakuna mlima mwingine wa kanda hii uliipata. Ilikuwa safari ya uraia.

Miundombinu ilifuata maana hiyo. Mwaka 1963 kipande cha reli cha Ruvu hadi Mnyusi kilikamilika, na kwa mara ya kwanza msafiri akaweza kutoka Dar es Salaam hadi Moshi kwa treni bila kupita baharini hadi Tanga. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulifunguliwa mwaka 1971. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1973 na kufunguliwa kwa wageni mwaka 1977, na vibanda vya Mandara na Horombo vikajengwa upya kwa msaada wa Norway. Mwaka huohuo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, hali iliyoifanya Tanzania iutegemee zaidi uwanja wake na njia zake. Mwaka 1987 UNESCO iliuingiza mlima katika Urithi wa Dunia.

Treni ya abiria ya kaskazini ilisimama kwa miaka mingi na kurejea mwishoni mwa mwaka 2019. Lakini mabasi hayakusimama. Kwa mkazi wa Kimara, Tegeta au Mbagala, Moshi ni safari ya siku moja, takribani kilomita 550, kutoka kituo cha Ubungo zamani na kutoka kituo cha Mbezi Louis tangu mwaka 2021. Mlima wa wengi ni, kwanza kabisa, mlima ambao basi linafika.

4.0 Jinsi Ruwenzori ilivyobaki ya wachache

Jibu jepesi lingekuwa kwamba Ruwenzori haikupata reli wala vibanda. Jibu hilo si kweli. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi, aliongoza msafara uliopanda vilele vikuu vyote kwa wiki chache, akavipima, na mpigapicha Vittorio Sella akavileta mbele ya macho ya dunia. Kilele cha juu kikaitwa Margherita kwa jina la malkia wa Italia. Mwaka 1956 reli ya Uganda ilifika Kasese, chini kabisa ya milima, kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Chama cha wapanda milima cha Uganda kilijenga vibanda katika mabonde ya juu. Katika miaka ya 1950, basi, Ruwenzori ilikuwa na reli, vibanda, ramani na picha. Kwa kipimo cha miundombinu peke yake haikuwa nyuma sana ya Kilimanjaro.

Sababu za maumbile zipo. Ruwenzori si mlima mmoja wa volkano bali safu ya miamba iliyoinuliwa, yenye vilele vingi na mabonde yenye tope ambalo huweza kumfika mtu magotini. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Kufika Margherita kunahitaji kuvuka barafu kwa kamba na vyuma vya kufunga kwenye viatu, jambo lisilohitajika katika njia ya kawaida ya Kibo. Hata hivyo, maumbile hayo yalikuwepo pia mwaka 1906 na mwaka 1956.

Kilichobadilika kilikuwa siasa. Mwaka 1962, mwaka wa uhuru wa Uganda, Isaya Mukirane na wenzake walitangaza utawala wa Rwenzururu, wakipinga kuwekwa chini ya ufalme wa Toro. Mapambano hayo yalidumu hadi mwaka 1982, na milima ikawa makazi ya wapiganaji. Linganisha: mwaka 1961 mlima wa Tanganyika ulipewa mwenge wa taifa zima, na mwaka uliofuata milima ya Uganda ikawa ngome ya watu waliotaka kujitenga na utawala uliokuwepo. Serikali moja iliupandisha mlima wake katika noti, nembo na nyimbo. Nyingine iliutazama kwa mashaka. Aidha, kilele cha Margherita kiko juu ya mpaka wa Uganda na Kongo, na mpaka huo umeibeba misukosuko ya pande zote mbili.

Hifadhi ya Taifa ya Ruwenzori ilianzishwa mwaka 1991 na kuingia Urithi wa Dunia mwaka 1994. Wakonzo waliunda chombo chao cha kuongoza wapandaji, na matumaini yalikuwepo. Mwishoni mwa mwaka 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe na kuingia milimani, hifadhi ikafungwa kuanzia mwaka 1997 hadi mwaka 2001, na UNESCO ikaiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu mwaka 1999 hadi mwaka 2004. Mnamo Juni 2023 shule moja ya Mpondwe ilishambuliwa na wanafunzi wengi wakauawa. Milima ilikuwa imefunguliwa kwa zaidi ya miongo miwili wakati huo, lakini jina lake lilirudi tena katika habari kwa sababu ya msiba.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam historia hiyo huonekana kama umbali. Kutoka Temeke hadi Kasese kwa barabara, kupitia Bukoba, Mutukula na Mbarara, ni zaidi ya kilomita 1,500. Ni umbali wa kweli, lakini biashara imeushinda umbali kama huo kila siku: malori ya bandari ya Dar es Salaam hupita Mutukula bila kusita. Kilichokosekana si barabara bali desturi ya kwenda.

5.0 Ngazi za mwinuko: historia iliyobaki ndani ya njia

Hadi hapa hoja imehusu umaarufu. Sehemu hii inaonesha kwa nini historia hiyo ni suala la afya.

Ushauri wa kitabibu unaokubalika sana leo unasema kwamba mtu akishavuka mita 3,000, asiongeze mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku, na apate siku ya kupumzika kila baada ya siku tatu au nne. Lengo ni kuupa mwili muda wa kuzoea upungufu wa oksijeni. Anayepuuza kanuni hiyo huweza kupata maradhi ya mwinuko, ambayo huanza kwa kuumwa kichwa na kichefuchefu na huweza kufikia uvimbe wa ubongo au maji katika mapafu, hali mbili zinazoua.

Sasa tazama njia ya Marangu katika ratiba yake ya siku tano. Mpandaji hulala Mandara, takribani mita 2,720. Kisha Horombo, mita 3,720. Kisha Kibo, mita 4,720. Na usiku huohuo huamka kwenda mita 5,895. Kila hatua ni mita 1,000 au zaidi, yaani mara mbili ya ushauri. Vibanda viko mahali ambapo mpagazi mwenye mzigo angeweza kufika kwa siku moja. Umbali huo uliwekwa katika zama ambazo elimu ya maradhi ya mwinuko ilikuwa bado changa, na ujenzi mpya wa miaka ya 1970 uliurithi. Ratiba ya siku sita, inayoongeza usiku wa pili Horombo, hupunguza hatari lakini haiondoi ngazi zenyewe.

Linganisha na mzunguko wa kati wa Ruwenzori, kuanzia Nyakalengija. Mpandaji hulala Nyabitaba, takribani mita 2,650. John Matte, mita 3,400. Bujuku, mita 3,960. Elena, mita 4,540. Ndipo ajaribu Margherita. Juu ya mita 3,000 ngazi nyingi ni za mita 560 hadi 580, na ile ya kwanza ni ya 750. Milima ya wachache, kwa sababu ya ugumu wa tope na miamba yake, ilimlazimisha kila mtu kwenda polepole, na ugumu huo ukageuka kuwa kinga.

Isieleweke kwamba Ruwenzori ni salama zaidi kwa ujumla. Mgonjwa aliye Kibo huweza kushushwa Horombo kwa saa chache katika njia pana. Mgonjwa aliye Elena yuko nyuma ya miamba na mabonde yaliyojaa maji, na msaada uko mbali. Barafu yake inadai ujuzi ambao mtu wa Kinondoni hana pa kujifunzia. Kinachosemwa hapa ni kwamba kila mlima una hatari yake, na hatari ya mlima wa wengi ndiyo inayofichwa na wingi wenyewe. Penye foleni ya watu, njia pana na kibanda chenye paa, mtu haoni sababu ya kuogopa hewa.

Historia imebaki pia katika kalenda. Tarehe 9 Desemba, ambayo huvuta wapandaji wengi wa Kitanzania kwa heshima ya Uhuru, huangukia katika msimu wa vuli. Vipindi vikavu zaidi vya Kilimanjaro ni Januari hadi mwanzo wa Machi, na Juni hadi Oktoba. Tarehe hiyo ilichaguliwa na makubaliano ya kisiasa kati ya Dar es Salaam na London, wala haikuhusiana na mawingu ya Kibo. Anayepanda siku hiyo anapanda kumbukumbu, na hana budi kujua kwamba kumbukumbu hiyo ina mvua.

6.0 Mabega ya wengine

Uchaguzi wa mlima ni uchaguzi wa nani atakayebeba. Mwaka 1889 Meyer alikuwa na wapagazi na waongozaji ambao vitabu vya Ulaya viliwataja kwa ufupi. Miaka 100 baadaye, katika maadhimisho ya mwaka 1989, Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alitambuliwa hadharani kama mmoja wa walioongoza msafara ule. Wanahistoria wamejadili umri wake na nafasi yake hasa katika safari hiyo, lakini mjadala huo wenyewe unaonesha jinsi kumbukumbu za wabebaji zilivyoachwa bila kuandikwa.

Wingi wa wapandaji umewapa maelfu ya watu wa Kilimanjaro ajira, na pia umewaweka katika ushindani mkali wa malipo. Kanuni za hifadhi zinaweka ukomo wa mzigo wa kilo 20 kwa mpagazi, na tangu mwaka 2003 mradi wa kuwasaidia wapagazi umekuwa ukifuatilia malipo, chakula na mavazi yao. Katika Ruwenzori, ambako wapandaji ni wachache, tatizo ni kinyume: kila mwaka wa kufungwa kwa hifadhi ulikuwa mwaka wa kukosa kipato kwa vijiji vya Wakonzo. Mpandaji anayetafuta bei ya chini kabisa Kilimanjaro hupunguza siku, na kila siku inayopunguzwa humpunguzia usalama yeye na kipato mpagazi kwa pamoja. Katika jambo hili maslahi ya aliyetoka Mbagala na ya aliyetoka Marangu ni mamoja.

7.0 Mjadala

Ushahidi uliotolewa unaruhusu mambo matatu. Kwanza, maneno "maarufu" na "mbali" hayaelezi milima bali mahusiano kati ya milima na miji. Kilimanjaro uko karibu na Temeke kwa sababu ya kazi ya miaka 100 ya reli, barabara, vibanda na hotuba. Pili, umaarufu haupimi ubora wa njia kwa mwili. Njia iliyokanyagwa na wengi zaidi ndiyo yenye ngazi kali zaidi kati ya mbili zilizolinganishwa. Tatu, uchaguzi hauko kati ya milima miwili tu. Ndani ya Kilimanjaro kwenyewe, njia ya Lemosho kutoka magharibi, au mzunguko wa kaskazini, hutumia siku saba hadi tisa na kumpa mpandaji sehemu ya upole ambao Ruwenzori humpa kwa lazima.

Inaweza kupingwa kwamba ulinganisho huu ni wa anasa, kwa kuwa mkazi wa kawaida wa Kinondoni hana fedha wala likizo ya safari ya siku tisa. Pingamizi hili lina uzito, na ndilo hasa linaloipa mada umuhimu. Mwenye fedha kidogo na likizo fupi ndiye anayechagua siku tano. Ni yeye pia anayetoka usawa wa bahari. Mgeni tajiri huweza kununua siku za ziada. Kwa hiyo ngazi za mita 1,000 zilizorithiwa humwangukia zaidi mwananchi ambaye kampeni za kizalendo humwalika kupanda. Wanaotoa mwaliko huo wangeweza kufanya siku ya sita kuwa kiwango cha chini badala ya kuwa nyongeza.

Muda nao si mwingi. Barafu ya Kilimanjaro ilikadiriwa kuwa takribani kilomita za mraba 12 mwaka 1912 na chini ya 2 mwaka 2011. Ile ya Ruwenzori ilishuka kutoka takribani 6.5 mwaka 1906 hadi chini ya 1 mwaka 2003. Nzururu ya Wakonzo na baridi ya Bwana Kheri zinayeyuka kwa pamoja, ya wengi na ya wachache.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba Kilimanjaro na Ruwenzori ziliingia karne ya 20 zikiwa na hali zinazofanana, zikatenganishwa na reli, mwenge na vita. Matokeo ya utengano huo yamo katika vibanda vilivyopangwa kwa mwendo wa mpagazi na katika tarehe zilizopangwa na siasa. Kwa mpandaji wa Dar es Salaam, hekima ya historia hii ni ya vitendo. Akichagua mlima wa wengi, na awape mapafu yake siku ambazo Meyer alizipa yake. Akichagua milima ya wachache, ajue kwamba upole wa ngazi zake unalipiwa kwa tope, kamba na umbali wa msaada, na kwamba usalama wa mpaka ni jambo la kuulizia kabla ya kukata tiketi. Utafiti zaidi unahitajika katika kumbukumbu za wapandaji wa Kitanzania wenyewe, ambao masimulizi yao, tofauti na ya Meyer na Abruzzi, kwa sehemu kubwa bado yako midomoni.